Pingili ya kiuno imeteleza: fanya hivi kwanza kabla hujakubali kukanyagwa mgongo au kupasuliwa

Mtu anatoka eksirei na karatasi imeandikwa L4 imeteleza mbele juu ya L5, akifika nyumbani ameshajiona mlemavu, kesho yake ndugu wamempeleka kwa mzee fulani anayekanyaga migongo, keshokutwa jirani anamwambia ukipasuliwa mgongo hutembei tena. Kabla ya yote hayo tulia usome mpaka mwisho, ni ndefu kidogo ila mgongo ni wako.

Pingili kuteleza ni kitu cha kawaida kuliko watu wanavyodhani, na wengi walio nayo hata hawajui. Marekani mwaka 1955 walianza kuwafuatilia watoto 500 wa darasa la kwanza kwa picha za mgongo, wakiwa na miaka sita asilimia 4.4 tayari walikuwa na ufa kwenye pingili, ukubwani ikafika asilimia 6, na wenye ufa walifuatiliwa miaka 45. Kilichoonekana ni kwamba kadiri umri ulivyosogea ndivyo kuteleza kulivyopungua kasi, na maumivu yao ya mgongo hayakutofautiana sana na ya watu wengine wasio na ufa wowote. Kwa hiyo picha peke yake isikutishe. Maswali ya maana ni mawili tu: je, hiyo pingili inacheza ukisogea? Na je, kuna mshipa wa fahamu umebanwa? Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Hatua ya 1: Jua umetelezaje

Kiunoni tuna pingili tano, L1 mpaka L5, na L5 inakalia mfupa wa S1 ambao ndio mwanzo wa nyonga kwa nyuma. Kila pingili mbele imetenganishwa na mwenzake kwa diski, yaani kamto laini ka katikati, nyuma zimeshikana kwa viungo vidogo viwili, kushoto na kulia. Pingili ikisogea mbele juu ya ile ya chini yake ndiyo ule ugonjwa ambao kwenye ripoti utaukuta kwa jina refu la spondilolisthesisi. Usichanganye na mgongo wazi wa watoto wachanga, hicho ni kitu kingine kabisa.

Njia kubwa za kuteleza ni mbili. Ya kwanza ni ya ufa: kuna kadaraja kembamba ka mfupa nyuma ya pingili kanapasuka taratibu utotoni au ujanani, hasa kwa wanaojipinda sana kwenda nyuma kama wacheza sarakasi, warusha mpira wa kasi kwenye kriketi na wanyanyua vyuma, na hii mara nyingi inakuwa L5 juu ya S1. Ya pili ni ya uchakavu: diski imekauka, vile viungo vidogo vimelika, pingili inaanza kuserereka yenyewe bila ufa wowote, hii inapenda L4 juu ya L5, inakuja baada ya miaka 50, na kina mama inawapata zaidi ya wanaume. Zipo na nyingine chache, ya ajali (kuanguka kutoka kwenye mnazi, bodaboda) na ya mfupa kuliwa na ugonjwa kama kifua kikuu au saratani.

Ukubwa wanaupima kwa daraja kufuata mpango wa daktari Meyerding wa mwaka 1932: daraja la 1 pingili imesogea chini ya robo, la 2 mpaka nusu, la 3 mpaka robo tatu, la 4 zaidi ya hapo, na la 5 imedondoka kabisa mbele. Karibu wote wa uchakavu wanaishia la 1, wachache la 2. Kwa hiyo ukiandikiwa daraja la 1 usianze kugawa urithi.

Hatua ya 2: Hakikisha hauko kwenye kundi la kukimbizwa hospitali leo

Hapa sitaki utani. Kama mkojo umegoma kutoka au unatoka bila wewe kujua, haja kubwa huizuii, sehemu za siri na makalioni panapogusana na kiti pamekufa ganzi, au miguu yote miwili inalegea, usisubiri kesho. Hiyo ni mishipa ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa kwa pamoja na kuiokoa kunahesabiwa kwa masaa, siyo kwa wiki. Watu wanaona aibu kusema habari za sehemu za siri mbele ya mkwe au mtoto aliyewasindikiza, basi mwambie daktari amtoe nje huyo msindikizaji, lakini sema.

Kundi la pili ni la wenye homa za jioni, jasho jingi usiku, kupungua uzito, maumivu yanayokuamsha usiku hata umelala vizuri, kibyongo kinachoanza kuchomoza katikati ya mgongo, au uliwahi kuugua saratani. Kwetu huku kifua kikuu cha mgongo kipo na kinajificha miezi mingi watu wakichua na mafuta. Kinatibika kwa dawa za kifua kikuu ambazo serikalini ni bure, ila kikicheleweshwa kinavunja pingili.

Na kama shida yako ni shingo, yaani vidole vimekuwa vizito kufunga vifungo vya shati na miguu inayumba, au una baridi yabisi ya miaka mingi, au ni mtoto mwenye hali ya Dauni (Down syndrome), mwongozo huu wa kiuno haukuhusu, nenda kaonane na daktari na usiruhusu mtu yeyote akuzungushe shingo.

Hatua ya 3: Jipime nyumbani

Vaa viatu utembee barabara tambarare uone unafika wapi kabla miguu haijawa mizito, inachoma au inaingia ganzi. Ikianza, simama wima tu bila kuegemea kitu. Ikiisha kwa kusimama tu, huenda ni mishipa ya damu. Ikigoma mpaka ukae au uiname mbele, huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa ukinyooka. Ndiyo maana unakuta mzee hawezi kutembea mita mia mbili lakini anaendesha baiskeli mpaka shambani bila shida, au mama anachoka njiani mikono mitupu ila akisukuma toroli ameiinamia anafika sokoni vizuri tu, halafu nyumbani wanasema anajidekeza. Hajidekezi, akiinama nafasi ya mishipa inapanuka.

Halafu tembea hatua kumi kwa visigino, kisha hatua kumi kwa ncha za vidole, kaa karibu na ukuta usije ukaanguka. Visigino vikishindwa kwa mguu mmoja ni dalili ya mshipa wa L5, ncha za vidole zikishindwa ni S1. Dalili moja ya mtaani ambayo watu hawaitaji mpaka waulizwe: kandambili inachomoka mguu mmoja njiani bila wewe kuhisi. Huo mguu unapoteza nguvu, andika tarehe ilipoanza.

Dalili za pingili kucheza zenyewe ni hizi: kujigeuza kitandani kunauma kama kiuno kinakatika, ukiinama kunyanyuka ni lazima upande na mikono juu ya mapaja, kukaa muda kidogo na kusimama muda kidogo ni sawa ila ule wakati wa kubadilisha ndio shughuli.

Hatua ya 4: Omba picha sahihi

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Mtu anapigwa eksirei amelala, halafu MRI amelala, majibu yanasema mgongo mzuri, kumbe ukilala pingili inarudi mahali pake na ukisimama ndio inateleza. Unachotakiwa kuomba ni eksirei ya kiuno ya ubavuni ukiwa umesimama, na kama wanashuku inacheza wanaongeza mbili, moja umeinama mbele moja umejipinda nyuma, halafu wanalinganisha. Wengi wanaanza kuita inacheza tofauti ikifika kama milimita 4 au pembe ikibadilika zaidi ya nyuzi 10. Siku hiyo kama maumivu yamekubana na kuinama hakuwezekani, mwambie mpiga picha aandike, sababu picha ya mtu aliyeinama nusu inaweza kudanganya kwamba haichezi. Mama mjamzito au anayehisi ana mimba aseme kabla hajaingia chumbani.

MRI ni ya kuangalia mishipa na diski, inafaa kama miguu inahusika au kuna zile dalili za hatua ya 2, au upasuaji unazungumzwa. Kwa maumivu ya kiuno tu ya wiki mbili ni kuchoma hela. Siti skani ni nzuri kwa kuona ule ufa wa mfupa. Kila picha dai filamu au CD yako ukaitunze, na usiikunje kwenye mkoba kama gazeti, daktari wa mwakani atataka kulinganisha kama imesogea au imetulia.

Kwa madaktari wenyewe wa mgongo, hospitali kubwa kama MOI pale Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Kenyatta kule Nairobi wanapokea rufaa, ila kwa daraja la 1 bila dalili za mishipa huhitaji kukimbilia huko, unaweza kuanza na daktari wa karibu na mtu wa fizio, yaani tiba ya mazoezi.

Hatua ya 5: Tuliza maumivu bila kujiharibia figo

Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii, misuli inanyauka na ndiyo inayoshikilia hiyo pingili. Siku moja mbili za kupunguza kazi inatosha, baadaye tembea kidogo kidogo.

Dawa: watu wazima wengi wanaweza kuanza na paracetamol gramu 1 kila baada ya masaa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku, ingawa kwa mgongo peke yake haina nguvu sana. Diclofenac na ibuprofen zinasaidia zaidi lakini kwa siku chache, na ule mtindo wa kupita duka la dawa kuchomwa sindano ya diclo kila Jumamosi ili wiki iende ni hatari kweli, unatoboa tumbo na kuchosha figo, hasa kama una presha, kisukari, vidonda vya tumbo au umri umeenda. Ukiona choo cheusi kama lami acha na uende hospitali. Vidonge vya dexamethasone na prednisolone vya kupewa kienyeji "vya mgongo" navyo achana navyo, vinaleta nafuu ya haraka halafu vinapandisha sukari na kudhoofisha mifupa, mifupa ambayo ndiyo tunahangaika nayo. Kama mguu unachoma kama umeme, daktari anaweza kukujaribishia dawa za mishipa kama amitriptyline au pregabalin, zinaleta usingizi kwa hiyo usiendeshe chombo mpaka uzijue.

Kukanyagwa, kuvutwa, kukunjwa mpaka palie kwaa: hapana. Pingili iliyoteleza hairudi kwa kusukumwa na mtu, na inayocheza ikisukumwa kwa nguvu inaweza kubana mshipa ambao ulikuwa salama. Kuchuliwa misuli taratibu na kitambaa cha moto hakuna ubaya, unapata nafuu ya siku hiyo.

Hatua ya 6: Mazoezi, hapa ndipo kazi ilipo

Mfupa haurudi, tuelewane. Kinachobadilika ni misuli ya ndani ya tumbo na ya kandokando ya uti wa mgongo ikaze mpaka pingili iache kuhangaika. Jipe wiki 6 mpaka 12 za kila siku kabla hujasema mazoezi hayasaidii, na siku ya kwanza bora uonyeshwe na mtu wa fizio. Maumivu ya misuli ya kiunoni kidogo sawa, ila zoezi likipeleka maumivu au ganzi chini mguuni liache.

Anza na tumbo. Lala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, weka vidole viwili kwenye ile mifupa ya mbele ya nyonga halafu viingize ndani kidogo. Toa pumzi, kisha kaza sehemu ya chini ya tumbo kama mtu anayezuia mkojo. Chini ya vidole utahisi misuli inakaza kama kamba nyembamba, ikikusukuma vidole nje maana yake unasukuma tumbo badala ya kulikaza, rudia. Shikilia sekunde 10 huku unapumua, mara 10. Linaonekana la kitoto na ndilo wengi wanaliruka, halafu wanashangaa mengine hayafanyi kazi.

Ukishalijua, ongeza kuinua makalio kutoka pale pale chini, panda mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke, usijipinde kupita hapo, sekunde 5 mara 10. Kisha piga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa, muweke mtu akuwekee kikombe cha plastiki chenye maji kidogo kiunoni, nyoosha mguu mmoja nyuma taratibu na mkono wa upande mwingine mbele, kikombe kisimwagike. Kikimwagika umeinua mguu juu mno. Hili zoezi linachekesha watoto ndani ya nyumba lakini linafundisha kiuno kutulia kuliko maneno yangu yote.

Za kunyoosha ni tatu: kuvuta magoti kifuani ukiwa chali sekunde 20 hadi 30, kunyoosha nyuma ya paja ukiwa chali na kanga au taulo umeipitisha kwenye unyayo unavuta mguu juu polepole, na mbele ya nyonga ukiwa umepiga goti moja. Wenye pingili iliyoteleza wengi nyuma ya mapaja pamekaza mno, hasa vijana.

Unayotakiwa kuacha kwa sasa: kulala kifudifudi na kuinua kifua na miguu kwa pamoja, kunyanyua vyuma vizito, na kila linalokukunja nyuma. Baiskeli ni rafiki, kutembea mara kadhaa kwa vipande vifupi ni bora kuliko mara moja mpaka uchechemee. Kama una kitambi, kikipungua mzigo unapungua kwa pingili hiyo hiyo.

Kijana mwenye ufa mpya wa mwanamichezo ni habari tofauti: huyo anasimamishwa mchezo kama miezi mitatu, wakati mwingine na mkanda wa mgongo, sababu ufa mpya, hasa wa upande mmoja, unaweza kuunga. Mtu mzima mkanda avae muda mfupi tu akiwa na kazi ngumu, ukivaa kutwa nzima misuli inastaafu.

Hatua ya 7: Badilisha kazi za nyumbani

Kutoka kitandani usijikunje kuja mbele, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Lala na mto katikati ya magoti, au chini ya magoti kama unalala chali, na lile godoro lililobonyea kama hori libadilishe. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za upande mmoja, gawa kwenye madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Beseni la kufulia lipandishe kwenye stuli, jiko lipandishe juu, fagio la chelewa lifungie mti mrefu. Kumbeba mtoto mgongoni na kanga siyo tatizo kubwa kama lile la kumrusha mwenyewe huku umejikunja, mtu akuwekee. Anayeswali rukuu na sijda kwa kawaida hazimuumizi, kinachoumiza ni kisimamo kirefu na kuinuka, akishindwa aswali kwenye kiti. Ukitaka kupiga chafya kunja magoti kidogo na ukaze tumbo, utanikumbuka.

Hatua ya 8: Sindano na upasuaji

Sindano ya steroidi ya mgongoni inayochomwa karibu na mshipa inaweza kutuliza mguu kwa wiki au miezi upate nafasi ya kufanya mazoezi, haishikilii pingili. Wenye kisukari wajue sukari itapanda siku kadhaa.

Upasuaji unafikiriwa kama mguu unazidi kupoteza nguvu, kama maumivu ya miguu yamegoma baada ya miezi mitatu mpaka sita ya matibabu ya kweli, kama picha zinaonyesha pingili inaendelea kusogea, au mtoto ana daraja la 3 kwenda juu. Zile dalili za mkojo na ganzi zenyewe hazisubiri foleni hii. Maumivu ya mguu ndiyo yanayojibu vizuri zaidi, ya kiuno peke yake matokeo hayatabiriki sana, na daktari mkweli atakwambia hivyo.

Ziko aina mbili, kupanua tu nafasi ya mishipa, au kupanua na kuunganisha pingili kwa skrubu, vyuma na kipandikizi cha mfupa. Kwa teleza ya uchakavu wenyewe wataalamu wamebishana: mwaka 2016 utafiti wa Sweden ulisema kuongeza vyuma hakuleti faida, wa Marekani mwaka huo huo ukaona faida kidogo, halafu 2021 Wanorwe wakafuatilia wagonjwa 267 wakaona kupanua tu hakukuwa nyuma ya vyuma baada ya miaka miwili. Kwa hiyo ukiambiwa moja kwa moja unawekwa vyuma, uliza: pingili yangu inacheza kiasi gani kwenye picha za kuinama? Kupanua tu hakutoshi kwa nini? Umeshafanya wangapi kama mimi? Zile skrubu na vyuma gharama yake imo kwenye bima au nanunua mwenyewe? Hilo la mwisho uliza kabla hujalazwa, familia nyingi zinalijua siku ya upasuaji.

Mvutaji sigara aache wiki kadhaa kabla na aendelee kuacha, mfupa wa mvutaji unagoma kuunga. Hatari zenyewe zipo: maambukizi, ngozi ya uti kuchanika na maji kuvuja, mshipa kuumia, skrubu kulegea, na pingili ya jirani kuchoka miaka ya mbele kwa kubeba kazi ya mbili. Ila ile habari ya kwamba ukipasuliwa mgongo hutembei tena, siyo kweli, wengi wanainuliwa na kutembezwa siku inayofuata. Kubeba vizito ndio mwiko kwa miezi kama mitatu, na mfupa kuunga kabisa ni miezi 6 mpaka 12.

Na kama nyumbani choo ni cha kuchuchumaa, tafuteni kiti imara cha plastiki mkitoboe katikati au mnunue cha choo, mkiweke kabla mgonjwa hajatoka wodini, pamoja na kamba au bomba la kushikilia ukutani.